Zamu ya Kukamatwa

Watu wa mtaa wetu wa Mbugangari wanasema mimi ndiye niliyeharibu barabara ya Wabelgiji. Uongo mtupu. Mimi niliitengeneza. Na kwa kuwa kila mtu anaihadithia habari hii anavyotaka, hata shemeji yangu Kadiri ambaye siku yenyewe alikuwa Nyakiriba anapakia viazi, leo nitaisema mwenyewe: mimi Mukamusoni, mke wa Muhamadi fundi cherehani. Kiswahili changu mtakiona kimenyooka kuliko cha wenzangu, maana baba yangu alitoka Ujiji.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita. Nyumba yetu ilikuwa pale kwenye kona, barabara inaposhuka kutoka Nyakiriba, kabla haijanyooka kuelekea mjini, ziwani. Muhamadi alishona barazani, mimi nilikaanga maandazi mbele yake, na ng'ambo ya barabara, hatua kumi na tano tu, palikuwa na bomba la maji la mtaa. Bomba hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu ya mama yangu.

Mama yangu, Mukashyaka, alikuwa kiziwi. Si kiziwi wa kusikia kidogo kidogo, hapana. Ungepiga bunduki nyuma yake, akageuka kukuuliza mbona umesimama. Na kila siku alivuka ile barabara mara nne, mara tano, na mtungi wake mdogo. Kuchotewa hakutaka. Alisema maji aliyochota mwingine yana ladha ya mikono ya mwingine. Niliuficha mtungi, akaenda kuchota kwa sufuria yangu ya maharage. Na kutazama kushoto na kulia? Yeye? Alisema barabara ilimkuta hapo.

Makamyo nayo yalishuka na viazi na vitunguu, yanakimbilia boti ya Bukavu ambayo haikumsubiri mtu. Kwenye kona yetu breki zilipiga kelele mpaka karai langu likatetemeka. Kelele hizo zilimsaidia nani? Mwezi wa tatu peke yake nilimvuta mama kwa kitenge mara mbili, na mara zote mbili alinitukana.

Basi ikaja sheria: mjini kote mwisho kilometa ishirini na tano kwa saa. Nilifurahi, jamani! Wakaleta polisi, Bimenyimana, kijana mrefu mwenye kaptula iliyopigwa pasi na saa ya kubonyeza mkononi. Akapaka chokaa mawe mawili, akayaweka kando ya barabara, mita mia moja kati yake. Ukitoka jiwe hili ukafika lile kabla ya sekunde kumi na nne, unaandikiwa karatasi: faranga hamsini. Na mawe hayo aliyaweka wapi? Kwenye kona, penye bomba na mama yangu? Thubutu! Aliyaweka kule chini, barabara iliponyooka, upande huu migomba, upande ule ukuta. Pale hata kuku hakuwahi kugongwa.

Nikamfuata na maandazi mawili kwenye karatasi.

"Bimenyimana, mbona umesimama huku?"

"Mama, huku ndiko magari inakimbia."

"Hata kule juu yanakimbia, na kule kuna watu."

"Kule iko kona, wanapunguza kidogo. Huku wananyoosha muguu, donc napata watu kumi kwa siku." Akashusha sauti, maana alimtaja Mbelgiji aliyesimamia wilaya yetu. "Bwana Ajenti wa teritwari anataka karatasi, mama. Kila Jumamosi anazipanga kwa meza, anazihesabu."

Alikula maandazi yote mawili na hakusogea hata hatua moja. Nikarudi nyumbani nimefura.

Bon. Kama wanachotaka ni karatasi, nikasema, tutaona watazipata wapi. Muhamadi alikuwa na kipande cha kitambaa chekundu kilichobaki kwenye mapazia ya mteja. Nikakitundika kwenye kamba mbele ya nyumba. Kisha nikamwita Kadiri, mdogo wake Muhamadi, dereva, nikamwambia: "Shemeji, ukikiona hiki, polisi yuko kule chini. Waambie na wenzako." Kadiri alinishukuru mpaka nikaona haya kidogo, kwa sababu hakujua ninakokwenda.

Hazikupita siku tatu, madereva wote walikuwa wanapita kule chini mwendo wa arusi, wanamwamkia Bimenyimana kwa jina na kumuuliza habari za watoto, naye hana hata mke. Muhamadi aliniambia, "Mke wangu, utatufungisha." Nikamwambia ashone. Juma la pili Bimenyimana alipeleka karatasi moja tu, na hiyo ilikuwa ya baiskeli.

Juma la tatu nikamwona anapanda kilima, anatoka jasho, jiwe la chokaa begani. Aliliweka juu kidogo ya kona, akarudi kuleta la pili, akaliweka chini kidogo ya bomba. Alidhani ni akili yake mwenyewe, na mimi nikampa andazi la bure kwa akili hiyo. Siku ile kitambaa sikukitundika. Makamyo matatu yalikamatwa kabla ya adhuhuri, na la tatu lilikuwa la Kadiri. Alinijia na karatasi mkononi, macho yamemtoka.

"Shemeji! Kitambaa iko wapi?"

"Nimekifua."

"Umekifua? Leo?"

"Kilikuwa kichafu, shemeji."

Hakunisemesha siku nne, lakini akaanza kupunguza mwendo kwenye kona, na wenzake vilevile. Mwezi mzima makamyo yalipita kwetu taratibu, mpaka Straton, dereva wa vitunguu, mtu wa huku ziwani, akawa anapokea andazi dirishani bila kusimama. Mama akavuka atakavyo. Nililala usingizi. Nilinenepa, Muhamadi ni shahidi wangu.

Halafu Bimenyimana akaja kuniaga.

"Unakwenda wapi tena?"

"Narudi kule chini, mama. Huku hakuna mutu anakosea."

"Si ndiyo sababu ya kuwekwa huku?"

"Hata mi nilifikiri hivyo," akasema, na nikaona kweli inamuuma. "Lakini Bwana Ajenti anasema hii kona haizai."

Haizai! Kona ni mbuzi? Nilivaa kitenge changu kizuri niende ofisi ya teritwari nikamweleze huyo Bwana kinachozaa na kisichozaa. Muhamadi akafunga mlango, akakalia ufunguo.

Sasa, sisi wanawake wa mtaa tulikuwa na likelemba yetu: kila juma kila mmoja anatoa hela kidogo, na kwa zamu mmoja anazichukua zote. Kesho yake asubuhi, madereva walipokuja kunywa chai, nikawasimamia na kijiko mkononi.

"Nyinyi mko kumi na wawili. Polisi akirudi kule chini mtalipa kila siku, na kitambaa changu, nawaambia mapema, hakitakauka. Akibaki hapa, anahitaji karatasi mbili tu kwa juma. Wekeni likelemba. Jumanne anakamatwa mmoja, Alhamisi mmoja, kwa zamu, na faini mnachangia wote."

Kadiri akaanza kucheka mpaka chai ikamwagikia suruali. "Yaani tunalipa ili atukamate?"

"Mnalipa ili asiwakamate sana."

Wakahesabu kwenye vidole, wakarudia, wakaona nasema kweli. Nikaweka sharti moja: mwenye zamu apite alfajiri, kabla mama yangu hajaamka. Na ikaenda vizuri kuliko nilivyostahili. Mwenye zamu alikimbia zile mita mia tu, akasimama mwenyewe, noti ya hamsini mkononi tayari. Bimenyimana akaandika. Bwana Ajenti akapata karatasi zake Jumamosi, na kona ikahesabiwa kuwa imezaa.

Mpaka Alhamisi ile ya Straton. Alfajiri hakufika, gurudumu lilitoboka huko juu. Mwingine angesema basi, itakuwa juma lijalo. Straton, maskini, ni mtu mwaminifu, aliona aibu kuwaangusha wenzake. Akaja saa sita mchana, boti inapiga honi kule ziwani, na akakanyaga mafuta kwa nia njema kabisa.

Mimi nilikuwa nimeinamia karai. Nikasikia kamyo, nikainua macho, nikamwona mama katikati ya barabara, mtungi kichwani, anatembea kama yuko uani kwake. Nilipiga kelele. Nilimwita kwa jina, mtu kiziwi! Nilisimama pale na kijiko kinachuruzika mafuta, na moyoni mwangu kulikuwa na neno moja tu: mimi. Mimi ndiye niliyempanga Straton akimbie hapa.

Bimenyimana hakupuliza filimbi. Alitupa saa, akatupa kitabu cha karatasi, akaruka, akamdaka mama kiunoni, wakaanguka wote wawili kwenye matope ya bomba. Kamyo likapita palepale, likaingia mtaroni, na vitunguu vikaporomoka mpaka miguuni kwa Muhamadi. Mtungi ulikuwa vipande vipande.

"Yebaba we!" ndilo nililoweza kusema.

Mama akainuka. Alichokiona yeye ni mwanamume amemshika kiuno mchana kweupe, mbele ya watu. Akamchapa polisi wa serikali makofi mawili, akanyoosha mkono, akadai mtungi wake.

Straton alishuka analia. "Mama Mukamusoni, unisamehe! Lakini ilikuwa zamu yangu!"

"Zamu gani?" akauliza Bimenyimana, matope mpaka masikioni.

Wote wakatazama vitunguu. Nikaona haya, haya kweli, si ya mchezo, nikamwambia yote, tangu kitambaa mpaka likelemba. Alisikiliza huku anajipangusa.

"Mi nilijua, mama," akasema. "Mutu anakamatwa huku anacheka, kila Jumanne na kila Alhamisi? Nilijua. Nilinyamaza sababu karatasi zangu zilikuwa sawa."

Nilitaka kumcheka, nikajikuta nalia. Mama naye bado anadai mtungi.

Siku hiyohiyo niliapa kwamba uhai wa mama yangu hautakaa tena kwenye karatasi ya mtu. Nikamwita Épiphanie, jirani yangu muuza samaki, na wanawake wote wa bombani, na majembe. Maji pale yalikuwa yanatuama, si mlisikia habari ya matope? Tukachimba mfereji wa kuyatoa. Kwamba mfereji huo uliikata barabara kutoka ukingo mpaka ukingo, kina cha shibiri, hilo waulizwe maji. Madereva tuliwaambia wapite pole, wakapita pole.

Ambaye hatukumwambia ni Bwana Ajenti. Alishuka Ijumaa na motokari yake, mbio kuliko Straton. Gari liliruka. Kifuniko cha gurudumu kiliendelea na safari peke yake upande wa mtaa wa Nengo, na hatujakiona mpaka leo. Akatoka ndani amekuwa mwekundu.

"Nani amechimba?"

"Mimi, Bwana."

"Andika!" akamwambia Bimenyimana. Bimenyimana akaniandikia: kuharibu barabara, faranga hamsini. Aliinamia kitabu chake, anameza kicheko.

"Na mujaze kabla ya Jumapili!" Bwana akapiga kelele kwa Kiswahili chake. "Mujaze mpaka nisione tena huu mufereji!"

Tukajaza. Hapa kwetu mawe ya volkano huyatafuti, unayakanyaga tu. Tukajaza mpaka pakawa sawa na barabara. Épiphanie akauliza, "Ataona bado?" Nikainama nikaangalia. Nikamwambia mimi bado nauona kidogo. Tukaongeza, tukashindilia kwa miguu huku tunaimba, tukaongeza tena. Jumamosi jioni mfereji haukuonekana kabisa, hata ungeutafuta kwa taa. Kilichoonekana ni mgongo wa mawe na udongo, kutoka ukingo mpaka ukingo, nusu ya goti kwenda juu.

Jumatatu Bwana Ajenti akaja. Akasimamisha gari. Akautazama mgongo, akanitazama mimi.

"Bwana," nikamuuliza kwa adabu zangu zote, "unauona mfereji?"

Nilimwona anatafuta sheria kichwani mwake na haipati. Akaingia ndani ya gari, akaupanda mgongo polepole, akashuka upande wa pili polepole, na mama yangu akapita mbele yake na maji bila hata kumtazama.

Tangu siku hiyo kila kamyo lilifanya hivyohivyo, liwe na haraka lisiwe na haraka. Miezi miwili baadaye walimwondoa Bimenyimana kwenye kona, maana karatasi zilikwisha kabisa, na safari hii sikumpigania abaki. Nilimfungia maandazi ishirini akaenda zake. Madereva walitaka kunichangia ile faini. Nikakataa, nikatoa faranga hamsini zangu mwenyewe, na sijawahi kununua kitu kwa moyo mweupe namna ile.

Mama aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Alifia kitandani mwake, mchana, amenikasirikia kwamba maharage yangu hayana chumvi.