Doa Lina Mwenyewe

Niliifuta galaksi kwa mkono wangu mwenyewe, saa moja asubuhi, kabla sijanywa chai. Niliiona kama uchafu mdogo upande wa kushoto wa picha, wa rangi ya majivu, nikaupitishia brashi ya kompyuta mara mbili kama ninavyompitishia mteja mwenye chunusi. Kisha nikaegemea kiti, nimeridhika.

Mama aliingia na vikombe viwili. Akaitazama skrini kwa muda mrefu.

"Imetakata," alisema. "Sasa galaksi yenyewe iko wapi?"

Nilimwonyesha katikati. Katikati hapakuwa na kitu. Ndipo nilipokumbuka kwamba usiku nilikuwa nimeupiga teke mguu wa darubini, na katikati ya mwanzo haikuwa katikati tena.

Sisi ni watu wa picha. Studio yetu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na Mama aliifungua kabla sijazaliwa, enzi za kusafisha picha kwa wembe na brashi nyembamba kama ukope. Kwa miaka arobaini watu wa mtaa walikaa mbele ya pazia lake la kijivu, na picha zao zikaishia kwenye mafaili ya ofisi na ndani ya pochi. Hakuna hata moja iliyowahi kutundikwa mbele ya watu ikasemwa, hii ni kazi ya fulani. Kwa hiyo chama chetu cha watazama nyota kilipopata ukumbi wa maonyesho, nilitaka picha moja tu ukutani, yenye jina la studio ya Mama chini yake. Sikutaka kingine.

Mwalimu wa fizikia, kiongozi wetu, alinionea huruma. Wenzangu walikuwa wamepiga picha zao mlimani, mbali na taa. Mimi nilikuwa na paa la nyumba katikati ya mji, wiki nzima ya mawingu, na usiku mmoja wa anga safi, ambao ndio mwezi ulikuwa umejaa pomoni.

"Lete picha ya mwezi, hakuna atakayekucheka," aliniambia. "Galaksi, hapo kwako, na mwezi ule? Utakuwa unatafuta kibatari juani. Haya, nafasi yako naishikilia mpaka kesho saa kumi jioni."

Usiku huo ungeweza kusoma gazeti juu ya paa. Mama alitundika blanketi kwenye kamba ya nguo, akawa analisogeza kila mwezi uliposogea, mwanga usije ukaingia kwenye mdomo wa darubini. Kamera ilipiga picha mia tatu za sekunde ishirini ishirini. Picha moja peke yake isingeonyesha ila weupe wa mwezi. Ukizipanga zote moja juu ya nyingine, kisha ukauondoa ule weupe, kitu hafifu hujitokeza.

"Haba na haba," Mama alisema. "Ila vua hizo ndala, utajikwaa."

Sikuvua. Tulipofika katikati ya kazi, ndala ilinasa kwenye mguu wa darubini, nikalazimika kuielekeza upya kwa kukisia. Mama alikohoa tu, kikohozi kile cha asiyesikia la mkuu.

Asubuhi, mbele ya ile picha safi, hakukohoa. Studio yake ilikuwa na sheria moja: usifute alama ya mtu kabla hujamwuliza. Kovu, jino lililovunjika, alama ya kuzaliwa, kila doa lina mwenyewe. Aliwahi kunirudishia picha ya bibi harusi kwa sababu nilikuwa nimefuta kovu la kidevuni, na bwana harusi akauliza huyu ni nani.

"Mkono ulitangulia, Mama," nilisema.

"Nimeona. Zile mia tatu bado unazo?"

"Ninazo. Lakini kioo cha kamera kina vumbi, yapo madoa zaidi ya ishirini. Nitajuaje lipi ndilo?"

Alipuliza chai yake. "Lile teke ulilipiga kwenye picha ya ngapi?"

"Mama, tuyaache hayo."

"Nakuuliza. Doa la kioo halihami, limeganda pale pale. Kitu cha mbinguni kitahama na nyota zake. Tengeneza picha mbili, mwanangu. Ya kabla ya teke, na ya baada."

Mimi niliyesoma vitabu vyote vile vya nyota sikuwa nimeliwaza. Kompyuta yetu ilikuwa kongwe, kila fungu la picha lilidai muda wa saa nne. Mama alifunga mlango wa studio mchana kweupe, akabandika karatasi: Tuna mteja, rudini kesho.

Saa tisa alasiri tuliziweka picha mbili bega kwa bega. Alivaa miwani, akapita doa kwa doa. Hili halikuhama. Hili nalo halikuhama. Kisha kidole chake kikasimama hewani, hakikugusa skrini. Kando ya nyota tatu, dogo kuliko punje ya mchele, na ukilikazia macho lina mkia uliojikunja: lilikuwa limehama nazo. Nililia bila aibu.

"Mwulize," Mama alisema.

"Nini?"

"Kama anataka kufutwa."

Mwalimu aliipokea picha zikiwa zimebaki dakika tano.

"Kwa mwezi ule?" aliuliza.

"Kwa mwezi ule."

Ukumbini, picha za wenzangu zilikuwa kubwa na za rangi. Yetu ilikuwa ndogo, ina chengachenga, na chini yake jina la studio. Mama aliletewa kiti, akaweka mkoba juu yake. Yeye alisimama kando ya picha yake kutwa nzima, mgongo umenyooka. Sijawahi kuonea mtu fahari kama nilivyomwonea yeye siku ile.

Jioni mzee mmoja mwenye tai alisimama, akainama, akaichunguza.

"Picha nzuri, mama," alisema. "Ila fundi amesahau kulifuta hili doa."

Mama alimshika kiwiko, akamsogeza taratibu mpaka kwenye mwanga.

"Hilo halifutwi, mzee wangu," alimwambia. "Huyo ndiye mwenye picha."