Jina Lililobaki Kwenye Skripti

Konstantino, mfungua maji wa kijiji cha Manchira, alikuwa amezikwa siku arobaini, lakini kila saa kumi na mbili asubuhi simu za wanakijiji bado ziliita kwa ujumbe wake: "Leo maji saa mbili. Ni mimi, Konstantino."

Mzee Simioni aliacha kuteka. Alisema hanywi maji ya kuitiwa na marehemu.

Kamati ya maji ikamwita Hilaria, binti aliyesomea kompyuta, ashike kazi ya marehemu. Akaandika kiprogramu cha kubadili jina la mtumaji, akakipanga kitangulie kile cha kutuma. Kesho yake ujumbe ukaja. Ni mimi, Konstantino.

"Shikamoo, mzee," Hilaria alimsalimu Simioni njiani.

"Marahaba. Umeona? Huyo hajaondoka."

Hilaria alicheka, akarudi ofisini. Akaisoma skripti ya marehemu, yaani orodha ya maagizo aliyoiandikia kompyuta, mstari kwa mstari. Juu kabisa Konstantino aliweka jina lake, akaagiza kila programu itakayoanzishwa na skripti hiyo irithi jina hilo. Skripti ndiyo mama, programu ni watoto. Kile cha Hilaria nacho kilikuwa mtoto tu: kilijibadilishia jina chenyewe, kikamaliza kazi, kikafa nalo. Mama hakupata habari. Mtoto aliyefuata akazaliwa na jina lilelile la marehemu.

Ilibaki kubadili neno moja. Lakini alipokuwa akitafuta kama jina hilo limo na kwingine, akafungua majibu ya wateja, ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma. Yote yalitoka namba moja, ya Evelina, mjane wa Konstantino.

"Sawa, baba Huruma. Nimeamka."

"Huruma amesimama leo bila kushika kitu."

"Mbona unaongelea maji tu?"

Hilaria akaenda kwake. Evelina alikuwa anaanika mtama, mtoto mgongoni.

"Dada, mimi sina wazimu," alisema, bila kuinua uso. "Udongo niliutupa kaburini kwa mkono huu. Lakini simu inaita, jina ni lake. Ningenyamaza?"

"Kesho nalitoa, mama Huruma."

Evelina akatandaza mtama uliokwisha kutandazwa.

"Kesho acha. Litoe keshokutwa."

Hilaria akaacha. Asubuhi ujumbe ukaenda kwa jina la marehemu, na jibu likaingia: "Huruma alikuwa na homa, imeshuka. Sasa nenda, baba." Hilaria akalisoma amesimama. Kisha akabadili ule mstari wa juu.

Siku iliyofuata simu ziliita kwa jina la Hilaria. Mzee Simioni akawahi foleni na ndoo mbili. Ofisini likaingia jibu moja tu, la Evelina:

"Hilaria, meseji yangu ya jana aliipata?"

Akaandika "Ndiyo", akaifuta. Akaiandika tena, akaituma, akatoka kwenda kufungua maji.