Mmoja Kwake, Mmoja Kwangu

"Basi, tumekubaliana," alisema baba, akashika magoti tayari kuinuka. "Binti abaki kwa mama yake, mdogo nimchukue mimi. Mmoja kwake, mmoja kwangu."

"Heri nusu shari," alisema mama, macho ukutani.

Bi Maji hakushika kalamu. Jina hilo alipewa na wenzake wa ofisi ya usuluhishi, maana hakuna wanandoa walioketi mbele yake wasinyweshwe maji kwanza. Mwenye maji mdomoni, alipenda kusema, hatukani. Kazi yake haikuwa kuwarudisha watu kwenye ndoa wala kuwaamulia, bali kuwasaidia wapatane kuhusu watoto. Na hawa, jamani, si wamepatana! Wenzao humaliza miezi wakigombania likizo tu. Mbona basi roho ilimuuma hivi?

"Kabla sijaandika, wanangu, nisaidieni mimi mzito wa kuelewa. Huyo mdogo ana miaka mingapi?"

"Minne," walijibu pamoja, na wote wawili wakachukia kujibu pamoja.

"Usiku nani humlaza?"

"Baba yake," alisema mama.

"Mama yake," alisema baba.

Wakageukiana, kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Mimi?" mama aling'aka. "Mimi nikishaosha vyombo najifungia chumbani, sitaki hata kukuona. Nikisikia kimya najua umeshamlaza."

"Na mimi niko sebuleni na televisheni yangu. Nikisikia kimya najua ni wewe!"

Bi Maji aliuma ulimi. Angekuwa bibi yao angewazaba kofi mmoja mmoja, kisha awakumbatie. Lakini hapa alikuwa kazini.

"Mtoto wa miaka minne," alisema taratibu, "hajilazi."

Mama alitafuta simu mkobani. Mchana ule watoto walikuwa kwa bibi yao. Alimpigia bibi, akaweka spika, akailaza simu mezani. Aliyepokea alikuwa binti, mwenye miaka tisa.

"Mwanangu, hebu niambie, mdogo wako usiku..."

"Shh! Mama, polepole!" Alinong'ona kama mama mwenye nyumba. "Ndiyo kwanza anasinzia. Ngoja."

Hakukata. Aliiweka tu simu mahali, kitandani labda, wakasikia shuka likivutwa na kamasi zikipandishwa. Kisha sauti yake tena, ya chini, ya mtu aliyezoea kusema maneno yale yale kila usiku, hata kama leo wako kwa bibi.

"Mama yuko chumba cha pili. Baba yuko chumba cha pili. Hakuna aliyeondoka. Haya, geuka nikukune mgongo."

"Na wewe?" aliuliza mdogo.

"Mimi niende wapi, we mjinga? Si niko hapa."

Baba alikumbuka jinsi alivyosema mmoja kwake, mmoja kwangu, kama anayegawa viti, na aibu ikamchoma hadi masikioni. Mama alikuwa analia, kiganja kimeziba mdomo asisikike.

Bi Maji alinyoosha mkono akate simu. Baba aliuzuia.

"Bado," alinong'ona. "Bado hajalala."

Wakainama wote wawili juu ya meza, vichwa karibu kugusana, wasithubutu kupumua kwa nguvu.