Kioo cha Upande wa Dereva

Polikarp alijua fika kwamba usiku haoni kitu kupitia vioo vyake. Mwaka ule wa tisini na tano, magari ya mitumba yalipoanza kumiminika Sumbawanga, alinunua lake akalibandika tinti nyeusi tii pembeni kote, aonekane bosi. Akaonekana kweli. Ila giza likiingia, hakati kona mpaka ashushe kioo atoe kichwa nje, na vijana wa mtaani kwake Izia wakamcheka weee. Aibandue? Thubutu.

Usiku mmoja wa Julai, Leonardi, rafiki yake tangu shule, alifika na baiskeli akihema. Mkewe Fortunata alikuwa amejifungua kijijini, upande wa Kaengesa, na damu haikatiki.

"Wewe nenda hospitali ukawaamshe manesi," Polikarp alisema. "Utusubiri huko huko."

Polikarp alipofika kijijini alimkuta Fortunata hana hata nguvu ya kulia. Wakamlaza kiti cha nyuma. Bibi Kalista, mama yake Leonardi, akakaa mbele na kichanga kifuani. Upepo wa Ufipa ukawa unawachoma kupitia dirisha la dereva.

"Mwanangu, funga hicho kioo. Mtoto ataganda."

Mama, nikifunga sioni. Maneno matatu tu, na mpumbavu yule akaona aibu kuyatamka. Akafunga.

Kwenye njia panda ya kuingia barabara ya mjini aligeuza shingo kulia. Kiooni aliona uso wake mwenyewe. Akaingia barabarani.

Kilisikika kishindo cha bati. Polikarp akashuka. Nje mwezi ulikuwa unawaka, hata sindano ungeiokota. Leonardi alikuwa ameshindwa kusubiri, akawafuata kutoka mjini na baiskeli isiyo na taa. Hakuwa na pumzi tena.

"Shemeji, ni nini?" Fortunata aliuliza kutoka nyuma.

"Mbuzi," alijibu.

Akamvuta rafiki yake pembeni, akamfunika koti. Aliporudi kwenye usukani hakuthubutu kumtazama Bibi Kalista. Kioo cha mbele hakikuwa na tinti, na taa zilikuwa zinamulika pale pale. Bibi alikuwa ameona yote. Akauma midomo.

"Twende," alisema. "Damu bado inatoka."

Polikarp akashusha kioo mpaka chini.

"Leonardi atagomba tulivyochelewa," Fortunata alinong'ona. "Atakuwa amesimama mlangoni."

Kichanga kililia kwa baridi njia nzima. Bibi Kalista hakusema tena kioo kifungwe.