Sauti ya Melchior Iliyopigwa Pasi

Melchior alikuwa mwanamume wa kufoka mpaka kuku wa jirani watawanyike. Kwa hiyo Berthe alipoisikia sauti ya mumewe kwenye simu ikisema polepole, "Nimesikia uchungu wako, acha nitafakari," alicheka hadi akaweka kisu chini. Alikuwa akimenya viazi kwa baba yake Butembo, mwezi wa pili tangu Melchior amtukane mbele ya wageni nyumbani kwao Beni.

Desturi ilikuwa wazi: mume aliyekosa hupanda hadi kwa wakwe akiwa na wazee wake na mbuzi, akalitaja kosa lake mbele ya baba mkwe. Melchior alisema barabara ni mbaya. Alipofuata kakao yake ya biashara, barabara hiyo haikuwa mbaya! Badala ya kuja, bwana huyo alituma mashine, programu ya simu. Unairopokea Kiswahili au Kifaransa, inakaa na maneno yako hadi kesho, kisha inayatoa kwa sauti yako, laini, hasira yote imepigwa pasi.

"Ile sauti hapana ya bwana yako," mama yake alisema. "Ile ni ya padiri mwenye homa."

"Lakini anaomba musamaha, mama."

"Nani anaomba? Ile mashini haikukutukana, inaomba musamaha ya nini?"

Berthe aliidharau sauti ile. Hata hivyo alirudia kuisikiliza, akajidharau mwenyewe, na baada ya ujumbe wa tisa alifunga mizigo. Alitaka kurudi kwa mumewe.

Ujumbe wa kumi ulifika Jumapili baada ya misa, wote wakiwa mezani, Berthe akauweka kwa sauti. "Berthe, nimejifunza kunyamaza..." Mara Kinande, lugha ya kwao, kikaingia, cha mbio, sauti ya Melchior mwenyewe. Mashine haikijui Kinande, na isichokielewa hukipitisha kilivyo. Melchior alikuwa akimwambia rafiki yake Précieux pembeni: "Mbuzi wa nini? Huyu atarudi kwa maneno matupu, mjinga kama mama yake." Kisha Kiswahili kikarejea: "...kwa unyenyekevu wote." Mvivu yule! Amepewa siku nzima ya kutafakari, hata kujisikiliza kabla ya kutuma kumemshinda.

Mama yake aliinamia sahani. Berthe alimwona, na huruma yote aliyokuwa nayo kwa Melchior ikamwisha. Akaishika simu, akasema kwa Kinande, bila kungoja kesho:

"Kaa na hiyo mashine inayokusemea. Mimi sirudi."