Tumelitoa Lote

Mwalimu alikuwa amechoka na foleni, amechoka na benchi lisilo na mgongo, na zaidi ya yote amechoka na mume wake, fundi wa sofa, ambaye muda wote huo alikuwa anamtania muuguzi.

"Dada, mimi kipimo cha macho nifanyie nusu tu," fundi alikuwa anasema. "Lile lingine mlibaki nalo wenyewe."

Muuguzi akacheka. Mwalimu hakucheka.

Fundi huyu alitolewa jicho la kushoto miaka kadhaa nyuma, baada ya kukutwa na saratani ndani yake. Akawekewa la bandia, akarudi karakana kukata sponji na kupigilia vitambaa, akajipachika jina la Chongo kabla majirani hawajamuwahi. Kila mwaka alirudi kliniki ya macho. Walisafisha tundu, wakamulika jicho lililobaki, wakasema safi kabisa, karibu tena. Nyumbani ugonjwa ule ulitajwa kama mpangaji msumbufu aliyekwisha hama.

Sasa suruali zilikuwa zinamvuka, na chini ya mbavu za kulia kulikuwa na uzito uliomnyima kulalia ubavu ule. Zahanati walisema ni vidonda vya tumbo. Walimuuliza kama ana maradhi mengine, akajibu hana. Dawa zikaisha, wakampa nyingine za aina ile ile. Mwalimu ndiye aliyemburuta mpaka huku kwa daktari wa macho, maana hakumjua mwingine wa kumlilia.

"Ungewaambia zahanati habari ya jicho," alimnong'oneza kwa hasira.

"Mwalimu, jicho lenyewe halipo. Mwizi utamtafutaje kwenye nyumba iliyobomolewa?"

Daktari wa macho alikuwa mtu mpole, na upole huo nao ulimkera Mwalimu. Alisikiliza habari za mbavu, akambonyeza fundi tumbo. Kisha akauliza ni lini mara ya mwisho walipiga picha ya ini.

"Ini?" Mwalimu alishtuka. "Ini limeingiaje hapa?"

Daktari akaeleza kwamba saratani ya jicho ya aina ile husafiri na damu. Inaweza kutoroka kabla jicho halijatolewa, ikajificha kwa miaka, na ikiibuka, mara nyingi huibukia kwenye ini. Ndiyo maana mgonjwa hupaswa kupimwa ini mara kwa mara.

"Lakini si ulituambia mmeitoa yote!"

"Nilisema tumelitoa lote, mama," daktari alisema. "Jicho."

Kazi ya Mwalimu ilikuwa kufundisha watoto wa watu upatanisho wa kisarufi. Akikuta "kiti limevunjika" kwenye daftari, kalamu nyekundu ilitua kabla hajafikiri. Na maneno yale aliyakumbuka vizuri, aliambiwa kwenye korido ya wodi: tumelitoa lote. Kama ni saratani, daktari angesema tumeitoa yote. Siku ile alisikia alichotaka kusikia, akakimbilia simu kuwapa ndugu habari njema.

Alijilaumu, lakini si kwa muda mrefu.

"Daktari, uhai wa mtu unauachaje kwenye kiambishi? Kila mwaka tunakuja hapa. Kila mwaka unatuambia safi!"

"Jicho lilikuwa safi. Ini ni idara nyingine, nilidhani wao..."

"Na wao walidhani wewe!"

Fundi akamvuta mkono. "Taratibu, huyu si mwanafunzi wako."

"Afadhali angekuwa mwanafunzi. Ningemwita mzazi wake."

Picha ilipigwa, na baada ya siku chache wakaitwa kwa daktari wa saratani, mwanamke kijana asiyezungukazunguka. Aliwageuzia skrini wajionee. Madoa yalikuwa yametapakaa ini zima, na hata fundi kwa jicho lake moja hakuhitaji kuonyeshwa kwa kidole.

"Mnaitoa?" aliuliza. Safari hii hakutania.

"Hapana, baba. Imeenea sana, haitoki. Kuna dawa ya kuichelewesha, tutaanza nayo. Lakini kuponya haiponyi."

Mwalimu aliweka mkoba wake juu ya meza ya daktari. "Rudia," alisema. "Sema vizuri. Leo sitaki kusikia vibaya."

Daktari akarudia, polepole.

"Hiyo 'haitoki' ni ya nini?"

"Saratani, mama. Saratani haitoki."

"Rudia."

Daktari akamtazama fundi, hajui afanye nini. Fundi akainuka, akachukua mkoba wa mke wake, akauvaa begani mwake, akamshika mkono.

"Mwalimu," alisema, "tumesikia."