Tumbo Langu kwenye Tivii

...nilimtaja kwa jina, hilo nakiri, ni dhambi, jambo la namna ile ambayo mtu humwambia padri, mimi nikasimama katikati ya jumuiya yetu ya Malangali, rozari mkononi, nikasema tumbo hili linaloniunguza tangu masika ni kazi ya wifi yangu Kristiana, amenitilia kitu kwenye pombe ya ulezi, kosa langu ni kumtaja tu, uongo sikusema... "Meza, mama, meza kama unameza tonge," anasema daktari, tonge gani, mpira mweusi, mrefu kama nyoka, na kijana huyu hata shikamoo aliitoa macho yakiwa kwenye tivii yake, wamenilaza ubavu wa kushoto, plastiki katikati ya meno, koo limekufa ganzi kwa ile dawa chungu, mate yananitoka kama mtoto mchanga, nesi Angela amenibana kichwa kama mbuzi wa kuchinjwa, "Pumua kwa pua, mama Josefina, usishindane nao," nisishindane, ungelala wewe hapa tukuone... haya, tafuteni, ndiyo maana nimekubali aibu hii, si mnasema kamera hii inaona hadi mshipa mwembamba kama uzi, basi itaona na unywele, au kucha, au kile kitambaa chenye fundo nilichokiota mara mbili, kikitoka nakipeleka jumuiya kwenye sahani... na Kristiana mwenyewe yuko hapo nje ya mlango, ameshika viatu vyangu na kanga yangu, maana walisema lazima uje na mtu, binti yangu Mariana kule Matai akasema yuko kwenye mavuno, huyu akaja bila kuitwa, pikipiki moja, amenishika kiuno njia nzima nisianguke, amekuja kuhakikisha, nini kingine... kikombe alikionja kwanza, ni kweli, mafunda mawili mbele ya macho yangu ndipo akanipa, kama mpika pombe yeyote wa kwetu anavyomwondolea mgeni hofu, nami nikawaambia jumuiya wajuzi huonja juu, kitu hukaa chini, wakatikisa vichwa kukubali, na tangu siku ile hakuna aliyekanyaga kwake, pombe inamchachia mtungini, anaimwaga shambani mwenyewe, nami nikipita nikaiona naangalia pembeni, nasema moyoni, na iwe hivyo...

"Angela, hebu ona," anasema daktari, nami nageuza jicho, tivii iko juu ya kabati, yule ni mimi, ndani kabisa, wekundu laini unaong'aa kama shavu la mtoto kwa ndani, nasubiri unywele, hakuna, kamera inapinda, inarudi, inapita kona zote kama mtu anayefagia chumba cha mgeni, fundo hakuna, kucha hakuna... "Hiki hapa," kidonda, cheupe katikati, kingo nyekundu, kama kanga iliyorukiwa na cheche. "Dawa hizi za maumivu, diklo," anamwambia nesi, "watu wa magoti wanazibugia kama karanga, na ukiwauliza wanasema hawatumii dawa yoyote." Ndivyo nilivyomjibu asubuhi, situmii dawa yoyote, maana vile vidonge vya magoti ninavyonunua dukani Mazwi sikuvihesabu kuwa dawa, navimeza alfajiri tumbo tupu, viwili, siku nyingine vitatu, ili nikapige magoti misa ya kwanza kama wengine, wasiseme mama Josefina anasali amekaa... na ni nani aliyeniambia, wifi, kunywa uji kwanza, hivyo vidonge vikali, nikaona ananipangia maisha, Kristiana, uji wenyewe aliuleta kwenye chupa ya chai, nikawamwagia kuku... Bwana, ni mkono wangu, kila alfajiri, mkono ule ule wa rozari.

"Bado kidogo, mama, tulia."

Nimetulia. Daktari, mwanangu, meno yamebanwa siwezi kusema sasa, lakini ukiuchomoa mpira huu usiizime kwanza hiyo tivii, mwite wifi yangu pale mlangoni, aingie aone.